Maswali yenu: bomba la Likong'o, mitungi na madalali

Wiki hii mmeniuliza gesi, gesi, gesi. Haya.

Bomba na mtambo wa kusindika gesi wa Likong'o, kule Lindi, vinaanza kujengwa lini? (Wasomaji wengi, Lindi hadi Mwanza)

Kampuni za mradi huo zikishatoa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, na mpaka naandika hapa hazijautoa. Juni 2022 serikali na kampuni hizo zilisaini mkataba wa awali pale Dodoma. Mei 2023 tukaambiwa majadiliano yamekwisha. Hiyo ni posa, jamani. Nyinyi mmeshakodi maturubai na masufuria.

Gesi ikianza kutoka, mtungi wa jikoni utashuka bei? (Msomaji, Mbagala)

Hapana. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje. Ya bombani ni methani. Hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Kwa nini wasitumie bomba la Mtwara–Dar, si lipo tayari? (Msomaji, Temeke)

Swali zuri, ndiyo maana nalipa nafasi. Bomba hilo la inchi 36, lililozinduliwa 2015, linachukua gesi ya Mnazi Bay iliyosafishwa Madimba, huko Mtwara, linaungana na la gesi ya Songo Songo pale Somanga, Kilwa, kisha linapeleka Kinyerezi, Dar, kuwasha mitambo ya umeme. Gesi itakayoletwa Likong'o iko kwingine kabisa: vitalu namba 1, 2 na 4, bahari kuu, ambako kitalu namba 2 kina maji ya zaidi ya mita 2,000. Bomba lake litalazwa sakafuni mwa bahari, lipande mteremko wenye makorongo, na humo ndani gesi ikikutana na maji kwenye baridi na mgandamizo ule huganda kama barafu na kuziba njia. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari mmoja, lazima sakafu yote ipimwe. Ikifika nchi kavu inasafishwa, inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inakuwa kimiminika, na ujazo wake unapungua mara 600 hivi. Hapo ndipo meli inapakia.

Sasa la kwangu, hamkuniuliza: kiasi cha gesi ya soko la ndani kiandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, pamoja na mahali pa kuunganisha mtambo na bomba la Dar. Bila hivyo watu wa Lindi watabaki kuhesabu taa za meli usiku.

Bomba la Hoima–Tanga nalo ni la gesi? (Msomaji, Arusha)

Mafuta ghafi. Kilomita 1,443. Twende.

Dalali ananiuzia ekari mbili karibu na Likong'o, anasema mradi ukianza nitalipwa fidia mara tatu. Nimtumie pesa? (Msomaji, Muscat)

Usitume hata riyali moja, ndugu yangu. Eneo la mradi, hekta zaidi ya 2,000, lilishatwaliwa na wakazi walianza kulipwa 2020. Na hilo la "mara tatu" halimo katika sheria: kuna bei ya soko ya ardhi, mimea na majengo, posho ya usumbufu, usafiri, na pango la miezi 36 kwa anayehamishwa nyumbani.

Nasema kwa uchungu. Mwaka 2013, Mtwara ilipokuwa imechemka kwa habari za gesi, nilinunua kiwanja kwa maneno hayo hayo. Dalali alinionyesha bikoni nne, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara: "Bosi, hapo inakuja hoteli." Bikoni mbili zimeshahama. Hoteli haijafika. Navuna mihogo.

Mradi mmoja huku kwetu ulitupigia rangi mikorosho, tukaambiwa tusipande kitu. Mwaka wa tatu huu, fidia hatujaiona. (Msomaji, Kilwa)

Mmenyamaza muda mrefu mno. Fidia hutakiwa kulipwa ndani ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa, ikichelewa kuna riba. Na tathmini yenyewe ina uhai wa miaka miwili, ikipita irudiwe. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mthamini mkuu wa serikali, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Je, fomu za tathmini mlizosaini mnazo? Najua wengi hamna, mlisaini juu ya boneti ya gari gari likaondoka. Ombeni nakala. Na piga picha kila mkorosho, namba ya rangi ionekane, kabla mvua haijaifuta. Mama aliyepalilia hiyo mikorosho jina lake liwemo pia, si la mzee peke yake. Nimeona fidia ikiishia kwenye pikipiki na mke mdogo.

Nisome nini nipate ajira kwenye mradi? (Kijana, Nachingwea)

Uchomeleaji, mwanangu. Na cheti kinachotambulika kimataifa. Hata bomba lisipokuja, mageti ya watu yanahitaji kuchomelewa.