OPG huharibika kabla hujabonyeza kitufe

Picha ya OPG, yaani eksirei moja inayoonyesha taya na meno yote, ikitoka na ukungu mbele au ikiwa imepinda, wengi hukimbilia kuongeza au kupunguza kilovolti (nguvu ya mionzi), kisha wanapiga tena. Mara nyingi mashine haina kosa. Mgonjwa alisimama vibaya, aking'ata pasipofaa, ulimi ukiwa chini, na picha ya pili itatoka vilevile kwa sababu hakuna aliyemgusa kati ya picha ya kwanza na ya pili. Leseni ya KNRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia mionzi, iliyo ukutani inahusu mashine na chumba. Kumweka mgonjwa ni kazi ya mikono yako, na inahitaji dakika mbili za utulivu hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Mashine ya OPG huzunguka kichwa na kuchora kwa ukali kile tu kilicho ndani ya utepe wenye umbo la upinde wa taya. Kwenye magego utepe huo ni mpana kiasi, lakini mbele ni mwembamba sana, milimita chache tu. Ndiyo maana kosa dogo la kusogea huonekana kwanza kwenye meno ya mbele.

Anza na vyuma. Usiulize tu "umevaa hereni?" Taja kimoja kimoja: hereni, kipini cha pua, mkufu, miwani, meno ya kubandika, vibanio vya nywele, shanga za chuma kwenye rasta, pini za hijabu. Halafu tazama mwenyewe nyuma ya masikio na kisogoni. Kwa mama aliyevaa hijabu, mwachie faragha na mhudumu wa kike ili atoe pini. Kitambaa chenyewe hakina shida. Hereni moja huonekana mara mbili: mahali pake halisi, na tena upande wa pili, juu zaidi, ikiwa kubwa na yenye ukungu. Inapanda juu kwa sababu mwali wa eksirei hupigwa ukielekea juu kidogo. Kivuli hicho huweza kuangukia gego ambalo daktari alitaka kuliona.

Julai Nairobi watu huja na masweta mazito na jaketi zenye kofia. Vua. Kofia iliyojikunja kisogoni huinua aproni ya risasi, na aproni ikipanda shingoni huacha doa jeupe lenye ncha chini katikati ya picha. Kwa OPG usifunge kola ya shingo, kwa sababu mwali hupita hapohapo.

Kisha kijiti cha kung'ata. Meno ya mbele ya juu na ya chini yakae yote ndani ya mfuo wa kijiti, ncha kwa ncha. Usiseme tu "ng'ata." Sema, "Mama, sogeza taya la chini mbele hadi meno ya chini yaingie kwenye huu mfuo," kisha inua midomo yake kwa kidole chenye glavu uangalie. Wengi hung'ata kijiti kwa meno ya juu peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hupita haraka, lakini kwetu ni la kila mara. Wazee wa Kimaasai wengi waling'olewa meno mawili ya mbele chini wakiwa watoto, na wazee wengi wa Kijaluo waling'olewa meno sita. Ukimwambia mzee wa namna hiyo ang'ate, taya la chini linarudi nyuma kwa sababu hakuna kinacholizuia. Picha inatoka na upande wa chini mbele ukiwa mpana na wenye ukungu, na mtu anasema mzee alitikisika. Hakutikisika. Zungushia pamba au shashi sehemu ya chini ya kijiti, inene kufidia pengo lilipokuwa jino, umwombe mzee alete taya mbele hadi ufizi ukandamize pamba, ndipo uinue kidevu kwenye kiegemeo. Mweleze kabla ya kumgusa. Mzee akielewa unachotaka, hushika mkao vizuri kuliko kijana.

Mianga ya mashine ni mitatu kwa kawaida. Wa wima upite katikati ya uso, kati ya nyusi, ncha ya pua na kidevu. Kichwa kikigeuka, meno ya upande mmoja yanatoka mapana na ya upande wa pili membamba. Wa mlalo ufuate mstari wa Frankfort, kutoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi juu ya tundu la sikio, nao uwe sambamba na sakafu. Kidevu kikishuka, safu ya meno inakuwa tabasamu lililozidi na mizizi ya meno ya mbele ya chini inafupika na kupotea. Kikipanda, safu inanyooka au kupinduka, na kaakaa gumu linaangukia mizizi ya meno ya juu kama utepe mweupe. Mwanga wa tatu huangukia eneo la chonge la juu; mashine zinatofautiana hapa, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako. Meno ya mbele yakitoka membamba na uti wa shingo ukapanda juu ya taya pande zote mbili, mgonjwa alikuwa mbele mno. Yakitoka mapana, alikuwa nyuma.

Shingo husahaulika. Mtu akiinama kufikia kijiti, uti wa shingo hujikusanya na kutupa kivuli cheupe kama piramidi katikati, juu ya meno ya mbele. Mwombe apige hatua ndogo mbele, miguu iingie chini ya mashine, mgongo unyooke. Mwenye mabega mapana na shingo fupi, mwache apishanishe mikono: mkono wa kulia ushike mpini wa kushoto, wa kushoto ushike wa kulia. Mabega yatashuka na mkono wa mashine hautamgonga.

Mwisho kabisa, ulimi. Usipogusa kaakaa, hewa hubaki katikati na picha hupata mkanda mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu, mahali penyewe pa kutafuta usaha. Kumwambia mtu "weka ulimi juu" hakutoshi, atainua ncha tu. Mwambie: "Funga midomo, meza mate, ulimi ubaki palepale ulipobandika." Rudia maneno hayo mara ya mwisho unapotoka chumbani, kwa sababu mzunguko huchukua sekunde 10 hadi 20 na ulimi hushuka mapema. Mwambie pia mashine itamzunguka karibu na uso na asiifuate kwa macho.

Kwa picha ndogo za ndani ya mdomo, makosa mengi hutoka kwa kubana sensa (kibao kinachopokea picha mdomoni) karibu mno na jino. Iweke mbali, karibu na katikati ya kaakaa ambapo pana nafasi, ili isimame sambamba na jino. Hakikisha milimita 2 au 3 zinabaki zaidi ya ncha ya mzizi. Meno yakipandana kwenye picha, mwali haukupita kati yake: sogeza koni, bomba linaloelekeza mwali, kulia au kushoto, si juu. Anayetapikatapika, anza na meno ya mbele na umalize na magego ya juu, huku akipumua kwa pua.

Kliniki zinazotumia filamu bado zipo, na Julai inazisumbua. Developa, dawa ya kutokeza picha kwenye filamu, inataka nyuzi joto 20 hivi kwa dakika 5. Asubuhi ya baridi, chumba cha giza kikiwa chini ya hapo, picha hutoka hafifu, na mtu anaongeza muda wa mwali. Mgonjwa anabeba mionzi bure wakati tatizo ni baridi ya dawa. Weka kipimajoto ndani ya beseni na upashe joto kwanza.

Ukishaona kosa, kabla ya kurudia, soma tena fomu ya daktari. Akiwa anatafuta magego ya mwisho na pembe za taya ziko wazi pande zote, ukungu wa meno ya mbele si sababu ya kupiga OPG nyingine. Akitaka pia meno ya mbele, mpigie picha moja ndogo ya hapo tu.