Keneli ya 2019, kompaila ya 2025

Swali: Nimepakua msimbo wa keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 5.4, toleo la kwanza kabisa, ninaukompaili kwenye mashine ya x86 kwa GCC 15, kompaila inayougeuza msimbo kuwa programu. Unakwama mapema, eti `false` haiwezi kutumika ndani ya enum (orodha ya majina ya thamani). Sijagusa chochote. Kwani kompaila mpya si ndiyo bora?

Jibu: Kwa programu za kawaida, mara nyingi ndiyo. Kwa keneli, inategemea umri wake. Linux 5.4 ilitoka Novemba 2019, GCC 9 ikiwa ndiyo mpya. GCC 15, usipoiambia kiwango cha lugha, husoma lugha ya C kwa kanuni za C23, kiwango chake kipya, ambamo `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe. Keneli yako inayatangaza mawili kati ya hayo katika `include/linux/stddef.h`. Sehemu kubwa ya msimbo inataja `-std=gnu89`, kiwango cha zamani, hivyo inapona. Msimbo wa kuwashia mashine una chaguo zake peke yake, zisizotaja kiwango chochote, na hapo ndipo ulipokwama.

Unaweza kuongeza `-std=gnu11` hapo ukasonga mbele. Mimi nisingefanya hivyo. Kosa linalosimamisha kazi ni la heri. Ninaloliogopa ni keneli inayokamilika vizuri kisha inakufa ikiwaka. GCC 10 ilileta hilo: fanksheni inayoanzisha prosesa za ziada hubadilisha thamani ya ulinzi wa staki (namba ya siri ya kugundua kumbukumbu iliyoharibiwa) ikiwa katikati ya kazi, na kompaila hiyo ikaanza kuikagua thamani hiyo kabla ya kurukia fanksheni ya mwisho. Ikaikuta imebadilika, keneli ikajizima.

Toleo la chini la kompaila linalokubalika limeandikwa katika `Documentation/process/changes.rst` ya msimbo wako: GCC 4.6 kwa 5.4, wakati Linux 6.16 inadai 8.1. La juu hakuna anayekuandikia. Kanuni yangu ni kompaila ya mwaka uleule wa keneli, au inayofuata tu. Kwako ni GCC 9. Mfumo wako usipokuwa nayo, kernel.org ina kompaila zilizokwisha kutayarishwa. Na kama hulazimiki kubaki na toleo hilo la kwanza, chukua 5.4 yenye marekebisho ya baadaye.

Safisha kwa `make clean`, kisha:

`make CC=gcc-9 HOSTCC=gcc-9`

Usiache `HOSTCC`. Programu ndogo za kusaidia kazi hukompailiwa nayo, nazo pia zina umri: `dtc` ya zamani, inayotafsiri maelezo ya vifaa vya mashine, iligoma kwa GCC 10 kwa sababu ya jina `yylloc` lililotangazwa mara mbili.

Moduli za nje (vipande vya keneli vinavyokompailiwa kando) zikompaili kwa GCC hiyohiyo. Ukisahau ni GCC ipi, `cat /proc/version` kwenye keneli hiyo ikiwa inaendesha mashine itakutajia.