Ringi za boriti: lazima kweli?

SWALI: Boriti yangu ina kina fanisi (kutoka uso wa juu hadi katikati ya nondo za chini) cha milimita 400. Hesabu inaonyesha zege peke yake linamudu nguvu ya mkato, ile inayotaka kuikata boriti. Niache ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo kuu?

JIBU: Usiache. Boriti ikizidiwa na mpindo hutoa ishara: hubonyea, nyufa hupanuka. Ikizidiwa na mkato, ufa wa mshazari huipasua ghafla. Nafasi kati ya ringi isizidi 0.75 ya kina fanisi, yaani milimita 300, ili ufa wa nyuzi 45 usipenye bila kukutana na ringi. Sisi tungeweka ringi za kipenyo cha milimita 8 kila milimita 150 kuliko za 10 kila 235. Chuma ni kilekile takriban, ila ufa hudakwa mapema. Ncha za ringi zikunjwe nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Kulabu ya nyuzi 90, ambayo mafundi huipenda kwa wepesi wake, hufunguka gamba la zege linalofunika chuma likibanduka.