Sanduku la Maswali: Maktaba ya Sayansi za Afya kwa Msomaji wa Lamu na Malindi

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zimegusa jambo moja, nalo ni namna mtu anayeishi mbali na chuo kikuu anavyoweza kupata majarida, vitabu na msaada wa maktaba ya sayansi za afya. Anayezijibu ni mkutubi aliyehudumu katika maktaba ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa kuwa kwao ni Lamu, habari za boti na bando hahitaji kusimuliwa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni muuguzi na ninasoma shahada kwa njia ya masafa katika chuo kikuu kimoja cha bara. Nilipoandikishwa nilipewa nywila ya maktaba, lakini kila nikitafuta makala kwa simu na kuifungua, naambiwa nilipe. Je, nywila yangu ni mbovu, au huduma hizi ni za walio chuoni tu? — Muuguzi, Faza

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Nywila yako haina kasoro, ila umebisha mlango usio wako. Mchapishaji wa jarida hamjui mwanafunzi mmoja mmoja. Anachokitambua ni anwani ya mtandao wa chuo kilicholipa ada ya mwaka. Aliyeketi ndani ya maktaba hufunguliwa bila kuulizwa neno, kwa sababu kompyuta anayoitumia inatoka kwenye anwani hiyo, ilhali wewe uliyeko Faza unafika kwa anwani ya kampuni ya simu, na kwa mchapishaji huna tofauti na mpita njia. Dawa yake ni kuanzia kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo chako, ukaingiza namba ya usajili na nywila hapo, kisha ukaifuata hifadhidata, yaani ghala la makala mtandaoni, unayoitaka kutoka humo humo, ili mtandao wa chuo ukupitishe kwa anwani yake. Ukianzia Google utaishia penye bei kila mara, hata kama chuo chako kimekwisha kulilipia jarida lilo hilo. Ada hizo ni nzito kwa chuo kimoja kuibeba peke yake, na ndiyo sababu maktaba za Kenya zimekuwa zikinunua kwa pamoja kupitia muungano wao, KLISC, ulioundwa mwaka 2003.

Umeniambia pia kwamba mada yako ni upungufu wa damu kwa wajawazito. Kabla hujamwandikia mkutubi, likate swali lako vipande vinne: ni mgonjwa yupi, ni tiba au hatua ipi, inalinganishwa na nini, na ni tokeo gani unalolipima. Ukiandika tu kwamba unataka makala juu ya upungufu wa damu, mkutubi atakuletea shehena usiyoweza kuishusha. Ukiandika kwamba unataka kujua kama wajawazito wanaopewa vidonge vya madini ya chuma kila siku hupandisha kiwango cha damu kuliko wanaopewa mara moja kwa wiki, utajibiwa kwa makala chache ambazo utazisoma zote. Kuandaa utafutaji wa namna hii ni kazi anayolipwa mkutubi kuifanya, na wanafunzi wengi humaliza miaka minne bila kuiomba hata mara moja, wakidhani yeye yupo ili kugonga muhuri wa tarehe.

Ama kuhusu bando, soma kwanza muhtasari, ambao ni mwepesi, na upakue makala kamili ile tu uliyoikubali. Wala usimwazime mwenzako nywila yako, hata akiwa ni wifi yako. Katika maktaba niliyofanyia kazi, mwanafunzi mmoja aliacha programu ikipakua jarida zima usiku kucha. Mchapishaji akaona mkururo huo, akafunga chuo kizima, na kwa siku mbili madaktari waliokuwa wodini hawakuweza kufungua hata makala moja.

SWALI: Hapa tunapokea watu walioumwa na nyoka. Nilitafuta ushauri mpya juu ya dawa ya kuzuia sumu, nikaletewa maelfu ya makala, nyingi zisizohusu nyoka wetu, na zile nilizozitaka zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 30 kila moja. Mimi si mwanafunzi tena. Nifanyeje? — Afisa tabibu, Malindi

JIBU: Una mashaka mawili, la kutafuta na la kupata, na tuanze na kutafuta, kwa kuwa hapo ndipo muda wako mwingi ulipopotelea.

Tumia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba ambayo mtu yeyote amekuwa akiitumia bure tangu mwaka 1997. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoanza mwaka 1836 kama vitabu vichache katika ofisi ya mganga mkuu wa jeshi, na leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Kinachoifanya itumike, licha ya ukubwa huo, ni orodha ya vichwa vya mada iliyoanzishwa mwaka 1960. Sehemu kubwa ya makala zake hubandikwa vichwa hivyo, ili waandishi wawili walioliita jambo moja kwa majina mawili wakutwe kwenye rafu moja. Kwa kuumwa na nyoka kichwa chake ni "Snake Bites", na kwa dawa ya kuzuia sumu ni "Antivenins", kwa tahajia hiyo ambayo wengi wetu hatuiandiki. Andika vichwa hivyo viwili, katikati uweke neno AND kwa herufi kubwa, halafu AND nyingine na neno Africa. Usianze na Kenya pekee, kwani nyoka hajui mpaka: bafe aliyemuuma mkulima wa Ganda ni wa spishi ile ile inayouma watu Nigeria, na makala ya kutoka huko itakufaa. Ya kutoka India haitakufaa, kwa sababu dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haitegemewi kwa nyoka wa Afrika. Ukitaka nyoka mmoja mahususi, mwandike kwa jina la kisayansi. Bafe ni Bitis arietans na koboko ni Dendroaspis polylepis. Majina ya Kiswahili, kwa masikitiko yangu, hayataleta kitu.

Kisha tazama miaka. Katika makala za zamani utakuta dawa iitwayo FAV-Afrique ikisifiwa, na sifa hizo ilizistahili, lakini kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza mwaka 2014 na shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mtu anayesoma ukurasa wa mwaka 2010 bila kuangalia tarehe anaweza kumtuma jamaa wa mgonjwa akatafute chupa ambayo haiko tena duniani. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030, kwa hivyo maandishi ya baada ya hapo ni mengi, na mengi yako wazi.

Sasa kupata. Upande wa kushoto wa matokeo kuna chujio la makala kamili zisizolipiwa. Libonyeze kwanza, kabla hujakasirika. Nyingi ya hizo zimewekwa PubMed Central, ghala la makala kamili lililofunguliwa mwaka 2000, na jarida la PLOS Neglected Tropical Diseases, ambalo huandika sana habari za nyoka, halijapata kumtoza msomaji tangu lianze mwaka 2007. Majarida ya bara letu yatafute katika AJOL, ghala la Afrika Kusini lililoanza mwaka 1998. Makala iliyobaki imefungwa, mwandikie mwandishi wake. Barua pepe yake huchapishwa pamoja na muhtasari, na kwa uzoefu wangu wengi hufurahi kuombwa.

Njia ya kudumu zaidi ni Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, ambao hufungulia taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Hausajili mtu binafsi, bali taasisi, na hospitali ni miongoni mwa taasisi zinazokubaliwa. Hivyo, badala ya kuulizia nywila kwa marafiki walioko vyuoni, mwombe msimamizi wa hospitali yako aulize kama mmesajiliwa, na kama hamjasajiliwa, apeleke maombi. Nimewahi kuzuru hospitali iliyokuwa imesajiliwa miaka kadhaa, na nywila imefungiwa kwenye droo ya mtu aliyekwisha hamishwa.

Na kwa kuwa uko Malindi, usisahau kwamba kituo cha nyoka cha Bio-Ken kiko Watamu, mwendo mfupi tu kutoka kwako. Anayewashika nyoka hao kila siku atakutambulishia aliyeuma kwa picha ya simu, kazi ambayo jarida haliwezi kukufanyia.

SWALI: Nilitumia akili mnemba kunisaidia kuandika mapitio ya machapisho kuhusu malaria. Msimamizi wangu amenirudishia kazi akisema marejeleo saba kati ya kumi na mawili hayapo. Mbona majina ya waandishi na majarida ni ya kweli? — Mwanafunzi wa tiba, Langoni, Lamu

JIBU: Ni ya kweli, mwanangu, na ndiyo maana yalikupita. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Haziendi kwenye rafu kuangalia, isipokuwa zile zilizounganishwa na hifadhidata, na hata hizo hukosea. Ukiiomba marejeleo ya malaria, itakutajia mwandishi anayejulikana kwa malaria, jarida linalochapisha malaria, mwaka na kurasa zinazopendeza, kisha ikubunie kichwa cha makala ambayo mwandishi huyo hakuiandika kamwe. Ni kama mtu akuelekeze nyumba Mkomani kwa kukutajia mtaa wa kweli, msikiti wa kweli na mlango wa nakshi, ila nyumba yenyewe haijajengwa.

Kuhakiki ni kazi ya dakika moja kwa kila rejeleo. Makala nyingi za kisasa zina DOI, namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10 na kufuatiwa na nukta. Iandike baada ya doi.org/ na uone unapelekwa wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine, au isikupeleke popote, lifute. Kama haina namba, weka kichwa kizima cha makala ndani ya alama za kunukuu kwenye PubMed. Ukiwa hapo, angalia pia kama makala imefutwa na jarida lenyewe, kwa maana PubMed huonyesha tangazo hilo juu kabisa ya ukurasa. Makala ya mwaka 1998 iliyodai kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na hadi leo naiona ikinukuliwa na wanafunzi kama jambo lililothibitika.

Tangu sasa tumia Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ambayo haina malipo na hufanya kazi hata mtandao ukikatika. Huchukua taarifa za rejeleo kutoka kwenye ukurasa wenyewe wa makala na kuzipanga kwa mtindo wa Vancouver ambao vyuo vingi vya tiba huutaka, kwa hivyo hutalazimika kuhesabu nukta na mikato kwa mkono.

SWALI: Nina kitabu cha anatomia nilichokiazima mwaka 2016 na sikukirudisha. Naogopa faini. — Jina limehifadhiwa, Malindi

JIBU: Kirudishe. Mwandikie kwanza mkutubi mkuu, kwa kuwa maktaba nyingi huwa na kikomo cha faini na baadhi huisamehe ukileta kitabu chenyewe. Bila hivyo, siku utakapohitaji cheti cha kuondoka chuoni ndipo hesabu itakapokuwa chungu.

SWALI: Mtoto wangu ana selimundu. Sina elimu ya udaktari, lakini natamani kusoma. Je, maktaba ya chuo kikuu cha tiba inaweza kumpokea mama kama mimi? — Mama, Mkomani, Lamu

JIBU: Inaweza, mama, ingawa kila chuo kina utaratibu wake kwa wageni. Wengi huruhusu kusoma ndani bila kuazima, baadhi kwa ada ya siku, na barua fupi ya kueleza haja yako husaidia mlangoni. Lakini usipande boti hadi Mokowe na kukata tiketi ya basi kabla hujajaribu kilicho karibu. MedlinePlus, tovuti ya maktaba ile ile ya Marekani niliyoitaja juu, imeandikwa kwa ajili ya wasio madaktari, na ina ukurasa wa maelezo ya afya kwa Kiswahili kuhusu mambo mbalimbali. Kwa Kiingereza tafuta "sickle cell disease", maana neno selimundu halitafunguka huko. Tasnifu za madaktari wetu pia zinasomwa bure katika hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na humo utakuta watoto wa Kenya wakizungumziwa.

Mkutubi atakutafutia maandishi na kukufafanulia neno, ila hatakuambia umpe mtoto dawa gani wala kiasi gani. Yale utakayoyasoma, yaandike kwenye daftari kwa njia ya maswali, matatu au manne tu, uende nayo siku ya kliniki, na umpe daktari daftari ayasome mwenyewe ikiwa foleni ni ndefu.