Kocha mpya anapaki basi: kukaba sawa, lakini tukishaupata mpira je?

Mkuu, umeuliza kama uko peke yako unayesinzia tangu kocha mpya aje, maana kila wiki anapanga viungo wakabaji wawili, hata tukiwa nyumbani na timu inayoburuza mkia. Hauko peke yako. Ile suluhu ya pili mimi niliondoka uwanjani dakika ya 80, na wanaonijua wanajua huwa sitoki mapema.

Ila ngoja nikwambie nilichokiona nilipobadilisha kiti. Siku zote nakaa jukwaa la pembeni, usawa wa mstari wa kati. Mechi iliyofuata tiketi za huko ziliisha, nikaangukia nyuma ya goli, juu kabisa. Kule ndiko unaiona timu ilivyojipanga. Mabeki wanne na viungo wanne wanasogea kama waliofungwa kamba moja. Mpira ukienda kushoto, winga wa kulia anaingia mpaka katikati. Kwenye runinga kamera inafuata mpira, kwa hiyo wewe unamwona mtu kasimama tu, unamtukana. Kumbe anaziba njia ya pasi. Nimemtukana sana yule kijana, namwomba radhi.

Na tukumbuke tulikotoka. Chini ya kocha aliyeondoka tulipiga pasi tamu, lakini tukinyang'anywa mpira tu, mabeki wetu wawili wanabaki na washambuliaji watatu. Ukirithi timu ya hivyo, lazima uanzie nyuma. Hapo simlaumu.

Wala kujihami si dhambi. Kocha Mjerumani Otto Rehhagel alianza kazi na timu ya taifa ya Ugiriki mwaka 2001 kwa kuchapwa 5-1 na Finland. Kwenye kufuzu Euro 2004, mashindano ya mataifa ya Ulaya yaliyofanyika Ureno, wakapoteza mechi mbili za mwanzo, kisha wakashinda sita mfululizo bila kuruhusu bao. Kule Ureno, kuanzia robo fainali, wakawatoa Ufaransa 1-0, Wacheki 1-0, na fainali wakawafunga wenyeji 1-0. Lakini angalia mabao hayo matatu: yote ya kichwa, krosi moja na kona mbili. Walijua kabisa bao lao litatokea wapi. Sisi kona zetu tunapiga fupi, mpira unarudi mpaka kwa beki wa kati, watu wanapiga miayo.

Wanaomtetea kocha hupenda kuleta habari za Chelsea ya Mourinho msimu wa 2004-05, mabao 15 tu ya kufungwa kwenye mechi 38. Kweli. Mbona hawasemi kwamba timu hiyohiyo ilifunga 72? Robben na Duff walikuwa pembeni, mpira ukinaswa tu, mbio. Au wanaleta Inter Milan ya 2010 pale Camp Nou, uwanja wa Barcelona, walivyobaki pungufu baada ya kiungo wao Motta kupewa nyekundu kipindi cha kwanza, wakakaba usiku kucha, wakafungwa 1-0 na bado wakaingia fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ndugu zangu, wale walishashinda 3-1 mechi ya kwanza. Walikuwa na kitu cha kulinda. Sisi tunalinda 0-0 tukiwa kwetu!

Kwa hiyo kinachonikera mimi si idadi ya wakabaji. Ni zile sekunde tano baada ya kunasa mpira. Mpinzani wakati huo kajiachia, mabeki wake wa pembeni wako juu, nafasi ipo wazi. Sisi tunafanya nini? Kiungo anageuka nyuma, beki anampa kipa, kipa anabutua, straika anaruka peke yake katikati ya mabeki wawili. Mpira umerudi kwao, tunaanza kukaba upya. Halafu tunasema wachezaji wamechoka.

Mabadiliko yake nayo, sijui niseme nini. Dakika ya 70, sare, anamtoa winga anaingiza kiungo mwingine. Sawa, huenda mazoezini anaona asichokiona shabiki.

Sisemi afukuzwe. Kupanga ukuta ni kazi ya wiki chache. Kuwafundisha watu kutoka nyuma kwa pamoja huchukua muda zaidi, na katikati ya msimu huna siku za kutosha za mazoezi. Nitamsubiri. Ila wiki iliyopita nilirudi kulekule nyuma ya goli kwa makusudi, safari hii nikamwangalia beki wetu wa kulia peke yake. Kipindi cha pili tulinasa mpira, akachomoka vizuri, winga wake yuko huru mbele. Alipofika mstari wa kati akasimama, akageuza shingo kuangalia benchi. Kocha alikuwa amenyoosha viganja viwili chini: tulia. Mpira ukarudi kwa kipa.