Kwa mliokabidhiwa idara na shule muhula huu

Wadogo zangu, hongereni kwa uteuzi. Muhula haujafika katikati na tayari nimeona ratiba za vipindi zikitumwa usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp, chini yake maneno "Hakuna mjadala". Mambo haya mliyalalamikia wenyewe mlipokuwa wahadhiri wasaidizi. Tafadhali nisikilizeni kabla hamjapoteza watu.

1. Msihesabu kimya kuwa ni kukubali. Idara moja niliyofanyia kazi ilipata mkuu kijana, mchapakazi, mwenye nia njema kabisa. Alitaka alama ziingizwe kwenye mfumo mapema, na alikuwa na haki, maana kuna wanafunzi waliokosa kuhitimu kwa sababu ya alama zilizopotea. Tatizo ni kwamba kozi aligawa peke yake. Mama mmoja aliyefundisha isimu kwa miaka mingi alikuta kozi yake amepewa mhadhiri wa muda. Hakuulizwa wala hakuelezwa. Alipoinua mkono kikaoni akajibiwa kwamba kazi yake ni kufundisha, si kupanga. Wengine wote tukatazama meza. Mkuu akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ratiba imepitishwa.

Tangu siku ile watu walifanya yaliyoandikwa tu. Walisaini, wakafundisha, wakaenda zao. Uhakiki wa ndani wa mitihani ukawa wa kutia saini. Karatasi moja ikatoka na sehemu nzima ya maswali ya mtaala wa zamani. Katibu muhtasi aliyeichapa aliliona kosa, kwani amechapa mitihani ya idara ile tangu kabla mkuu huyo hajaajiriwa. Yule mama naye aliliona. Wote wawili waliwahi kusema, wakaaibishwa mbele za watu. Safari hii wakanyamaza. Wanafunzi walikaa ukumbini wakitazamana. Mtihani ukabatilishwa, ukarudiwa, na waliotoka Arua na Kisoro, ambao walishakata tiketi za basi, wakabaki Kampala wakilipia hosteli kwa pesa ambazo wazazi wao hawakuwa nazo. Mkuu wetu alilia ofisini. Nilimhurumia sana, kwa sababu hakuna aliyemhujumu. Watu walikuwa wamejifunza tu kwamba kumwambia ukweli kuna gharama.

Mwaka 1939 wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha utafiti wao juu ya vikundi vya wavulana nchini Marekani, vilivyofanya kazi za mikono chini ya viongozi wa mitindo tofauti. Kwa kiongozi wa amri, kazi ilisonga akiwapo. Akitoka chumbani, inalegea. Waliokuwa wakishirikishwa waliendelea hata kiongozi alipotoka. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu si mvulana, lakini naye hujua ni lini mkuu amesafiri.

2. Wengine mmekimbilia upande wa pili, mnaita uhuru. Hamwamui jambo, hamkatazi mtu, barua zinalala mezani. Katika utafiti uleule, kikundi kilichoachwa kijiendee hakikufanya kazi ya maana. Kwetu, mkuu asiyeamua humtwika mzigo yule mwenye bidii: tasnifu zote anasimamia yeye, na Jumamosi anaitwa yeye. Huyo ndiye wa kwanza kuomba uhamisho.

3. Bandikeni mgawo wa kozi na wa alawansi za kusahihisha mahali pa wazi, majina na kiasi.

4. Msifikiri wafanyakazi ni wahadhiri peke yao. Chuo Kikuu cha Makerere, wanataaluma wana chama chao, MUASA, na watumishi wa utawala wana MASA. Ukisikiliza upande mmoja, malalamiko ya upande wa pili utayakuta kwenye notisi ya mgomo. Waiteni kwenye kikao cha bajeti hata mafundi wa maabara.

5. Kwenu wa sekondari, najua jambo zito ni mishahara. Katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ya Uganda ilimpandisha mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa akabaki mbali chini, na Juni 2022 UNATU, chama cha kitaifa cha walimu, ikaitisha mgomo. Chumba kimoja cha walimu, chai moja ya saa nne, na watu hawatazamani. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kubadilisha hilo, na akijifanya halipo anawadharau walioumia.

Namfahamu mwalimu mkuu mmoja aliyelikabili. Alikiri mbele ya walimu wote kwamba jambo lile linauma, kisha akafungua hesabu za pesa za wazazi na kuwaonyesha zilivyogawiwa. Akaacha pia ule mtindo wa kutupa masomo ya sanaa mwisho wa siku. Kiswahili ni lazima Senior 1 na 2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, tangu mtaala mpya wa 2020, lakini shule nyingi bado hukisukumia saa ambazo watoto wanasinzia. Yeye alikipa vipindi vya asubuhi kwa zamu na fizikia, na kabla ya kupitisha ratiba alimkalisha mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili wakapatana wenyewe. Mgomo ulipokwisha, walimu wake wa sanaa walipanga vipindi vya kufidia bila kuagizwa na mtu.