Mengi ya angani huanzia hangani: kwa fundi mpya wa mifumo ya usukani

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya usukani wa ndege, usikimbilie spana. Fungua kwanza mwongozo wa matengenezo na ulinganishe namba ya utengenezaji ya ndege iliyo mbele yako. Ndege mbili za aina moja, zimeegeshwa bega kwa bega, zinaweza kutofautiana mkazo wa kebo na hata nyuzi (digrii) za mwendo wa eleveta, kibapa cha mkiani kinachoinua au kushusha pua. Ukizoea kufanya kazi kwa kukumbuka vipimo, iko siku utaweka vya ndege ya jirani.

Tuanze na kebo zinazounganisha usukani wa rubani na vibapa vya nje, maana ndizo zitakazokula muda wako. Kwenye ndege ndogo utakutana sana na kebo ya 7 kwa 19: misokoto saba, kila msokoto una nyaya 19, jumla 133. Nyaya zikikatika hukatika pale kebo inapopinda kwenye kapi au inapopita kwenye tundu la kuiongoza, na ikiwa imekazwa ncha zake hujilaza usizione. Kwa hiyo legeza mkazo, shika kebo kwa mikono miwili, ipinde kidogo, na waya uliokatika utainuka wenyewe. Kisha pitisha kitambaa kwa urefu wote. Kitakaponasa, hapo pana tatizo. Usipitishe kiganja kitupu, waya ule hukata kama wembe. Sogeza pia usukani hadi mwisho wa kila upande, kwa sababu kipande kibovu mara nyingi ndicho kilichojificha ndani ya kapi wakati usukani uko katikati. Ukiona vumbi jekundu likitoka kati ya misokoto, kutu imeshaingia ndani, na kebo hiyo haisafishwi, inatolewa. Wala usiiloweshe kwa petroli au kiyeyushi ili ing'ae, utakuwa umeosha mafuta yaliyo moyoni mwake.

Kapi nalo lina mengi ya kusema. Likiliwa upande mmoja, halijanyooka na kebo. Likiliwa sehemu moja tu ya mzingo, beringi imekwama na kebo inaburuzika juu yake. Angalia na pini ya ulinzi inayozuia kebo isiruke nje ikilegea. Kapi linabadilishwa na pini inasahauliwa, hilo hutokea zaidi ya unavyodhani.

Mkazo hupimwa pamoja na joto. Bodi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya kebo ya chuma, hivyo ndege ikipata joto kebo hukaza, ikipoa hulegea. Ndiyo sababu mwongozo una jedwali la joto na mkazo, na ndiyo sababu ndege iliyoingia sasa hivi kutoka juani isipimwe mpaka bodi yote ipoe sawasawa. Hakikisha kipima mkazo kimewekewa kipande kinacholingana na unene wa kebo, kaa mbali na kapi na kikaza (kiungo cha skrubu kinachokaza au kulegeza kebo), angalau inchi 6, na uchukue vipimo zaidi ya kimoja. Kwenye kikaza chenyewe, hesabu meno ya skrubu yaliyobaki nje: yasizidi matatu kila upande. Kisha funga waya wa usalama, na mwisho wake uzunguke shingo mara nne.

Sasa hapa tukae kidogo. Kusogea siyo kufanya kazi. Usukani unaweza kuteleza vizuri kabisa na bado usimpe rubani anachohitaji. Kila uso, yaani kibapa cha nje kama eleveta, una vizuizi viwili: kimoja kwenye uso wenyewe, kingine kwenye usukani. Cha kwenye uso ndicho kinachopaswa kugusa kwanza. Cha kwenye usukani kikitangulia, rubani anahisi amefika mwisho ilhali eleveta haijafika. Kwa hiyo pima nyuzi kwa kipimapembe, juu na chini, na uandike namba yenyewe badala ya neno "sawa". Januari 2003 ndege ya Beech 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Kebo za eleveta zilikuwa zimerekebishwa vibaya, baadhi ya hatua za mwongozo zikarukwa, na mwendo wa kushusha pua ukabaki karibu nusu. Baada ya matengenezo ilikuwa imeruka safari kadhaa bila shida. Siku ile ilikuwa imebeba mzigo uliolemea nyuma, na nusu ile iliyopotea ndiyo iliyohitajika.

Baada ya kiasi, mwelekeo. Kwa eleroni, vibapa vya mabawani vinavyolaza ndege kushoto au kulia, kuna njia ya kidole: shika usukani huku kidole gumba kikielekea juu, uulaze upande mmoja, na kidole kitaelekea kwenye eleroni inayopaswa kupanda. Mwaka 2018 ndege ya Embraer 190 iliondoka Alverca, Ureno, ikitoka matengenezoni na kebo za eleroni zimewekwa kinyume. Marubani walihangaika nayo angani hadi wakafanikiwa kuitua Beja. Mtego mbaya zaidi ni kibapa cha trimu kwenye eleveta, kile kidogo kinachompunguzia rubani uzito wa usukani. Gurudumu likizungushwa kuinua pua, kibapa hushuka, kwa sababu kazi yake ni kuisukuma eleveta ipande. Anayekiangalia kibapa bila kufikiri huona kimekosewa, akakigeuza. Sema kwa sauti kinachopaswa kutokea kabla mwenzako hajazungusha gurudumu. Ukisubiri uone kwanza, akili itakubali chochote.

Helikopta ina kebo chache na fito nyingi. Kolektivu (mkono wa kupandisha na kushusha), saikliki (fimbo ya kuelekeza) na pedali husukuma fito, fito huingia kwenye mashine za haidroliki, nazo huinua au kuinamisha swashipleti, sahani mbili zilizobebana chini ya mapanga. Sahani ya chini haizunguki; ya juu huzunguka na kupeleka pembe kwenye kila panga kupitia kiungo chake. Ukirefusha kiungo kimoja panga lake hupanda kuliko mengine na mtetemo huanza, kwa hiyo weka alama kabla hujafungua chochote. Mwisho wa fito una tundu dogo la ukaguzi: choma waya mwembamba, ukipita hadi upande wa pili, skrubu haijaingia vya kutosha.

Katika helikopta njia kati ya mkono wa rubani na panga mara nyingi ni moja tu, na kila kiungo chake kimeshikwa na bolti moja. Desemba 2011 helikopta ya AS350 ilianguka karibu na Las Vegas na kuua watu watano. Uchunguzi ulikuta kwamba nati ya kujikaza iliyochakaa ilirudishwa kazini, na kota pini, ile ya miguu miwili inayokunjwa kuzuia nati isifunguke, ama haikuwekwa ama iliwekwa vibaya. Bolti ikatoka, mashine ya haidroliki ikaachana na fito yake. Nati ya kujikaza inayoshuka kwa vidole hadi mwisho ni takataka. Kota pini iliyotolewa haivai tena, hata kama imenyooka.

Rangi nayo ni uzito. Eleroni au eleveta iliyopakwa upya hupimwa mizani tena, kwani ikilemea nyuma inaweza kupiga mawimbi kwa kasi kubwa na kuvunjika.

Mkaguzi wa pili asiwe aliyekushikia taa. Aje na mwongozo wake, aangalie kila nati, pini na waya kwa macho yake, hasa kabla vifuniko havijarudi, na usimwambie umekuta nini. Kabla hajafika, hesabu pini za kufungia usukani ulizochomeka na utepe wake mwekundu: zilizoingia ndizo ziwe mkononi. Na ukiitwa katikati ya kazi, funga kitambulisho kwenye bolti uliyoiacha, andika hatua uliyofikia, na ukirudi anza hatua tatu nyuma.